Tulioishi kwa kunong'ona: maisha ya wapelelezi wa mbele, Vita vya Kagera 1978-79

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kila Siku ya Mashujaa inapokaribia, nyuzi za Vita vya Kagera hujaa vifaru, mizinga na majina ya majenerali. Nazisoma zote. Lakini sijakutana na uzi unaosema tulilalaje, nani alikuwa anakohoa, nani alimbebea nani mzigo. Nilikuwa mpelelezi wa mbele, umri miaka 20, askari wa kawaida asiye na cheo. Nitaandika hayo ninayoyajua. Wenzangu nitawataja kwa majina ya utani tuliyoitana kule, maana familia zao zipo.

Tulikuwa sita. Koplo, mtu wa Mara, ndiye aliyetuongoza. Mvuvi alikulia Ukerewe. Ticha aliacha chaki ya shule ya msingi akaingia jeshini. Bukoba kwao ni huko huko, na alielewana na kila mtu wa mpakani. Babu alikuwa mgambo, amevuka miaka 40, mwindaji wa mapori ya Tabora. Walimleta kwetu kwa sababu alisoma nyayo kama wengine wanavyosoma gazeti. Na mimi, mdogo wao wote, nikaitwa Dogo.

Watu wanadhani kazi ya mpelelezi ni kupigana. Ukipigana umeshaharibu. Unatangulia mbele ya wenzako, unalala kifudifudi kilimani, unahesabu. Magari mangapi yamepita, yana watu au matupu, yameelekea wapi, saa ngapi. Moshi wa jiko unafuka sehemu ngapi. Kinamasi kinavukika kwa miguu au kizungukwe? Daraja la magogo litahimili kifaru? Kisha unarudi na hesabu yote kichwani, kwa sababu karatasi ikianguka njiani umemwandikia adui barua. Daftari letu alikuwa Ticha. Tukiwa njiani kurudi alimgusa mmoja begani, naye anong'one: "Malori kumi na mawili, deraya tatu, saa kumi na robo." Akamgusa wa pili. Akikosea mmoja tulianza upya, mpaka sita wote tuwe na jibu moja.

Usiku tulilala kwa mviringo, miguu katikati, vichwa nje. Mvuvi alisokota kamba nyembamba ya katani, ikapita kwenye kifundo cha mkono wa kila mmoja. Mwenye zamu ya lindo akisikia kitu anaivuta. Mara moja, amka. Mara mbili, amka na usipumue. Babu alikuwa anakoroma, na kukoroma mbele ya adui ni sawa na kupiga filimbi, kwa hiyo nikapangiwa kulala ubavuni kwake nimbane pua kila akianza. Nilifanya kazi hiyo miezi saba. Hakuwahi kuamka na hasira hata siku moja; alinishika mkono tu, akageukia upande wa pili.

Sigara marufuku. Sabuni marufuku siku mbili kabla ya kutoka, harufu yake inasafiri mbali asubuhi yenye umande. Mwenye kikohozi anabaki nyuma. Hilo la kikohozi liliuma kuliko yote, kwa sababu anayebaki hulala peke yake na kamba yenye mikono mitano iko porini.

Nitaendelea, naomba subira, naandika kwa simu.

#2 Jembe la Zamani

Shikamoo mzee. Nimekaa siti ya mbele. Mlikula nini huko mbele kama moto hauwashwi?

#3 Mleta uzi

Marahaba mwanangu.

Tukiwa kambini nyuma tulikula ugali na maharage kama askari wote. Tukitoka doria tulibeba biskuti ngumu za jeshini, nyama ya kopo na sukari. Biskuti ile huwezi kuitafuna usiku, mlio wake unasikika. Unaiweka mdomoni kama pipi mpaka ilainike. Sukari ilikuwa mali. Koplo aliihifadhi yeye kwenye soksi safi, na alfajiri, saa ile baridi inapouma hasa, alipita kwa kila mmoja akimwekea kidogo kiganjani. Tulilamba kama ng'ombe anavyolamba chumvi. Wa mwisho kupata alikuwa yeye mwenyewe. Kuna asubuhi mbili nilimwona akilamba kiganja kitupu ili tusijue kwamba imekwisha. Mimi nilijua. Sikumwambia, na nadhani alijua kwamba najua.

Nyama ya kopo tulikula sita kwa kopo moja, kijiko kimoja kikizunguka. Kopo lenyewe tulilifukia baada ya kulipaka tope lisimeremete. Migomba ilikuwa kila mahali, lakini ndizi za kupika utazifanyaje bila moto? Babu alituonyesha majani ya kutafuna yanayokata njaa. Machungu, na tulitafuna.

Maji yalikuwa ya kinamasi, tuliyachuja kwa kitambaa. Wote tuliugua tumbo. Katika kundi la watu sita mnaolala mmefungana kamba, tumbo la mmoja ni la wote. Naliandika hili bila aibu kwa sababu pale ndipo nilipojua ndugu ni nani. Bukoba aliharisha siku tatu tukiwa mbele, hana nguvu hata ya kufunga mkanda. Mvuvi alimvua, akamsafisha kwa majani, akamvika suruali yake mwenyewe. Hakulisema kambini, wala sisi hatukulisema.

#4 Binti wa Missenyi

Mzee wangu, nimesoma machozi yananilenga. Nilikuwa darasa la tatu. Sisi wa ng'ambo ya kaskazini tulivuka kabla daraja la Kyaka halijavunjwa, mama amebeba mdogo wangu mgongoni na cherehani kichwani. Baba alirudi kufungulia ng'ombe na hatukumwona tena. Ninyi mlipoingia kule mlikuta nini? Niambie tu, mimi ni mtu mzima sasa.

#5 Mleta uzi

Pole sana mama. Nitakuambia nilichokiona, bila kuongeza.

Wasomaji wadogo wajue kwanza kwamba mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia na kukalia ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, na Amin akatangaza ni ya Uganda. Mwanzoni mwa Novemba wakalivunja daraja la Kyaka. Novemba 2 Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Tulimsikia tukiwa kwenye lori, dereva amesimamisha gari kando ya barabara ili redio isikike. Hakuna aliyepiga kelele. Babu alivua kofia.

Tulivuka mto kwa mtumbwi usiku wa mvua. Mvuvi alipiga kasia bila kulitoa majini, analizungusha chini kwa chini, hata mimi niliyekaa mbele yake sikusikia tone. Kagera ina mamba na viboko. Nilimuuliza kwa kunong'ona kama haogopi. Akajibu, "Maji haya yanakwenda kwetu." Ni kweli, Kagera humwaga Ziwa Viktoria.

Ng'ambo tulikuta ukimya. Nyumba hazina milango, mabati yameng'olewa, mazizi wazi. Mbwa walikuwepo, wamekonda, na walitufuata bila kubweka. Tulikuta pia watu waliokufa. Mama, hatukuwa na ruhusa ya kusimama kuzika. Koplo alivunja amri hiyo mara moja, kwa mzee mmoja aliyelala mlangoni pa zizi. Tulimfunika kwa udongo na mawe. Sijui alikuwa nani, na siwezi kukuambia kwamba ndiye. Ila Bukoba alimsomea sala kwa Kihaya, na sisi wa dini nyingine tulisema amina.

#6 Binti wa Missenyi

Asante, mzee. Inanitosha kujua palikuwa na mtu aliyesali.

#7 Mleta uzi

Kuna jambo lililonisumbua sana vita ile, na wengi hawalijui. Adui alikuwa anaongea Kiswahili. Tukiwa tumelala ndani ya mafunjo, hatua chache kutoka kwenye handaki lao, tunawasikia usiku wakilalamika. Mmoja anadai buti zake zimeibwa. Mwingine anasema mshahara umechelewa. Mwingine anamwuliza mwenzake kama mke wake ameshajifungua. Kiswahili chenyewe cha kwao, kina lafudhi yake na maneno ya mkato, lakini kila neno linaingia sikioni. Ningekuwa navamia nchi ya watu wanaosema lugha nisiyoijua ningelala vizuri zaidi.

Ndiyo maana neno la siri halikutosha. Mtu angeweza kulisikia na kulirudia. Tulitambuana kwa kukwaruza kitako cha bunduki kwa ukucha, na kila mmoja alikuwa na mkwaruzo wake.

#8 Mchungaji wa Mbuzi

Mzee hapo umetuchanganya. Waganda na Kiswahili wapi na wapi? Nimeishi Kampala miaka minne, ukiongea Kiswahili wanakuona mwanajeshi.

#9 Kitabu Wazi

Mkuu umejijibu mwenyewe. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), na Amin mwenyewe alikuwa askari wa Keya. Raia wa Buganda walikihusisha na bunduki, ndiyo sababu wengi walikikwepa.

Babu yangu pia alikuwa Keya, katika Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Bama (Burma) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, mvua za monsuni zimekolea, walishuka bonde la Kabaw kuelekea Mto Chindwin, matope yanafika kiunoni, chakula kinadondoshwa na ndege kwa miavuli. Alisimulia habari za ruba. Jioni walikaa wawili wawili wakitoana ruba migongoni, kwa sababu mgongo wako mwenyewe huuoni. Kuhusu Wajapani alisema sentensi chache sana maisha yake yote, ila jina la aliyekuwa akimtoa ruba alilitaja hadi siku aliyofariki.

#10 Mleta uzi

@Kitabu Wazi, Mungu amrehemu babu yako. Hilo la mgongo nimelielewa vizuri. Kwetu sisi ilikuwa miguu.

Baada ya Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, kutekwa, Januari 1979, tuliendelea kwa miguu. Sehemu kubwa ya jeshi letu iliingia Uganda ikitembea, mpelelezi naye anakwenda, anarudi, anakwenda tena, umbali huo huo mara tatu. Ukivaa buti lenye maji siku nne, ngozi ya unyayo inakuwa nyeupe na inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Koplo alikagua miguu yetu kila usiku. Tochi haiwashwi, kwa hiyo alikagua kwa vidole. Alipapasa kati ya kidole na kidole, akakuta lengelenge, akalipitishia sindano na uzi ili maji yatoke taratibu. Mwanaume mzima wa Kikurya, mkali kambini hata makuruta walimkwepa, amepiga magoti gizani ameshika unyayo wako unaonuka. Baada ya hapo akikuambia panda kilima kile chenye bunduki ya rashasha, unapanda. Sijui maofisa wanafundishwa nini vyuoni. Mimi utii nilifundishwa na vidole vile.

Tuligombana pia, nisiwadanganye. Ticha na Bukoba hawakusemeshana wiki nzima kwa sababu ya blanketi lililosahauliwa mtoni. Fikiria ugomvi wa watu wasioruhusiwa kupaza sauti: wanatukanana kwa kunong'ona, mishipa ya shingo imesimama. Koplo hakuwaamua. Aliwapanga zamu moja ya lindo, saa nane hadi saa kumi, mgongo kwa mgongo, baridi ya Februari kule vilimani ni ya kweli. Siku ya tatu tulikuta blanketi moja limewafunika wawili.

Kuhusu barua. Babu alikuwa amejifunza kusoma uzeeni, katika madarasa ya watu wazima kijijini. Barua kutoka kwa mke wake ilimfikia tukiwa karibu na Masaka, mji umeshatekwa, Februari 24. Ticha akajitolea kumsomea. Babu akakataa, hii ataisoma mwenyewe. Akakaa chini ya mgomba, kidole juu ya mstari, ananong'ona silabi moja moja. "M-bu-zi a-me-za-a." Ukurasa mmoja ulimchukua mchana mzima. Sisi watano tulijifanya tunasafisha bunduki huku tukimsaidia kimoyomoyo kila anapokwama. Alipofika mwisho aliurudia tangu juu, safari hii kwa kasi kidogo. Mbuzi alizaa mapacha, mtoto wake wa tatu ameota meno. Habari hizo tulizibeba wote. Wiki mbili baadaye, tumekwama ndani ya maji hadi shingoni tukisubiri doria yao ipite, Mvuvi alininong'oneza, "Wale mapacha wa mbuzi, wawili jike?"

#11 Nyota ya Asubuhi

Mzee, bado mnaonana? Na je, wote sita mlirudi?

#12 Mleta uzi

Swali la pili nitalijibu kesho, nivumilieni.

La kwanza: baada ya vita tulitawanywa vikosi mbalimbali. Hakukuwa na simu za mkononi. Mwaka 2006 mtu mmoja akanipa namba ya Ticha. Nikapiga. Sauti iliyopokea siijui kabisa, nene, ya mtu mzima, inasema "halo" kama ya mwenye duka. Nikadhani nimekosea. Naye sauti yangu hakuitambua. Tulilala pamoja miezi saba, najua pumzi zake, najua anavyomeza mate akiogopa, ila sauti yake ya kawaida sikuwa nimeizoea hata kidogo, kambini tulipumzika siku mbili tatu na tabia ya kunong'ona tulikuwa tumeshaizoea. Nikamwambia, "Kama ni wewe kweli, nong'ona." Kimya kidogo. Kisha nikasikia: "Malori kumi na mawili, deraya tatu, saa kumi na robo."

Nilikaa chini sakafuni. Mke wangu alikuja mbio akidhani nimepata msiba.

#13 Jembe la Zamani

Mzee, hapa ofisini nimegeukia ukutani.

#14 Mleta uzi

Nimerudi. Nimelala vibaya lakini niliahidi.

Machi 10, 1979, jioni, kule Lukaya, Brigedi yetu ya 201 ilipigwa na majeshi ya Amin na Walibya waliokuja kumsaidia, ikatawanyika. Wengi wao walikuwa mgambo, na roketi kama walizopigwa nazo hawakuwa wamezisikia. Pale Lukaya barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita juu ya kinamasi, ukitoka barabarani unazama. Brigedi ya 208 iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi ikaamriwa kurudi kwa kutembea usiku, alfajiri ya Machi 11 ikawapiga kutoka ubavuni. Vitabu vinayo hayo. Mimi usiku ule nakumbuka askari wa kwetu waliopotea gizani, mmoja mmoja, na Babu akiwaita kwa mlio wa ndege wa porini, hatuwezi kupaza sauti. Tulikusanya kumi na wawili. Mmoja alikuwa mtoto kunizidi mimi. Mvuvi alimfungia kamba yetu mkononi ili asipotee tena, na hakuifungua mpaka kulipokucha.

Mvuvi hakurudi.

Haikuwa Lukaya. Ilikuwa siku kadhaa baadaye, njia ya kuelekea Mpigi, tunatafuta pa kupitia pembeni ya mafunjo. Palipo na maji alitangulia yeye siku zote, Koplo hakuwa na haja ya kumwamuru. Bomu la ardhini lilikuwa ukingoni, pale mtu anapokanyaga akitoka majini. Tulikuwa karibu sana na adui. Alijua. Alijiuma mkono wa gwanda lake, hakutoa sauti. Nilimtazama usoni, mwezi ulikuwepo, na macho yake yalikuwa yananiangalia mimi kama anayeniuliza kitu.

Tulimweka kwenye turubai tukambeba, wanne pembeni, mmoja mbele. Kila baada ya muda tulipokezana, na kila aliyetoka pembe ya turubai aliinama akamnong'oneza neno. Sijui wenzangu walimwambia nini. Mimi nilimwambia kwamba wale mapacha wa mbuzi wote ni jike. Sikuwa na hakika. Alifariki kabla hatujafika kwa madaktari. Ticha ndiye aliyejua wa kwanza, kwa sababu alikuwa anahesabu pumzi.

Tuliingia Kampala Aprili 11 tukiwa watano. Watu walijaa barabarani wakitushangilia kwa nguvu, wanatukumbatia, na sisi tulikuwa tunashtuka kwa zile kelele. Kisha kaskazini, mpaka wa Sudan, mwanzoni mwa Juni. Kijiji chake Ukerewe nilifika mwaka 1981. Mama yake aliniuliza kama alilia. Nikamwambia hapana mama, na hilo lilikuwa kweli.

#15 Binti wa Missenyi

Pole mzee wangu. Nikienda Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, nitamwekea ua hata kama jina lake sijui.

#16 Kitabu Wazi

Pole sana mzee. Samahani kuuliza, ile kamba ya katani aliyoisokota bado unayo?

#17 Mleta uzi

Hapana, mwanangu. Tuliikata usiku ule. Turubai lilikuwa halina mahali pa kushika.